Gauni Moja tu Lililonikaa

Nilikuwa mnene, tena mnene wa kueleweka. Mgeni akiuliza njia mtaani kwetu, alielekezwa apite nyumba ya yule mama mkubwa, na hakuna aliyewahi kupotea. Mwenyewe sikuwa na tatizo. Aliyelalamika ni goti langu la kushoto, na lilipoanza kulalamika halikunyamaza.

Daktari wetu pale mjini kwetu Prilep ni kijana mpole, hata kutukana anatukana kwa upole. Alilibonyeza goti, akaniangalia, akasema, "Mama Trajanka, goti hili linabeba watu wawili. Mmoja wao lazima ashuke."

"Nisiposhuka?"

"Utakaa kwenye kiti mpaka mwisho wa maisha yako."

Siku nyingine ningemjibu kwamba kiti ndicho ninachokipenda kuliko watu wote. Lakini wiki ileile Zlate, mwanangu, alikuwa amekuja na yule msichana wake, Ilinka, wakakaa sebuleni kwangu kama wanafunzi waliovunja dirisha, wakasema wanaoana vuli ya mwaka ujao, pilipili hoho zikishachomwa na kufungiwa kwenye chupa. Na kwetu harusi haifunguliwi na mtu mwingine isipokuwa mama wa bwana harusi. Anashika chekeche la unga lililozungushiwa utepe mwekundu, ndani mna ngano na peremende, zumari zinalia mbele ya uso wake, na watu wote wanashikana mikono nyuma yake kwenye mstari mmoja. Yeye ndiye kichwa. Nimezaa mtoto mmoja tu, kwa hiyo nafasi hiyo ningeipata mara moja tu. Kuikosa kwa ajili ya goti? Thubutu!

Basi nikaacha mkate. Mnaosoma haya hamjui nimesema nini. Mume wangu Spase ni mtu anayekula makaroni kwa mkate. Nyumbani kwetu bila mkate mezani mtu anauliza nani amekufa. Niliacha mkate, nikaacha pai ya jibini, nikaacha zile peremende ninazoficha kwenye mfuko wa aproni halafu najifanya nimezisahau. Kila asubuhi nikawa napanda mpaka kanisani na kushuka, huku nikimtukana daktari njia nzima. Sikumwambia mtu sababu. Nilishatangaza kujinyima mara nyingi mno maishani, na kila mara majirani walinikuta siku ya pili na burek, ile pai yetu ya jibini, mkononi. Safari hii nikasema wacha waone wenyewe.

Wakaona. Ila waliona vingine.

Kwetu mwanamke wa umri wangu hapungui kwa hiari. Akipungua, ana ugonjwa, na asiposema ana ugonjwa, basi ana ule mbaya. Mashavu yaliposhuka, jirani alileta supu ya kuku. Shingo ilipotokeza, wakaleta supu wawili. Padri alinisimamisha mlangoni akauliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo ningependa tuzungumze. Menka, mama yake Ilinka, yaani mkwe wangu mtarajiwa, alimwuliza Zlate kama isingekuwa busara kuiwahisha harusi kidogo, "ili mama yako awepo". Nilipoambiwa, nilicheka, halafu nikaenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni na kicheko kikakatika.

Maana sikupungua kwa mpangilio, jamani. Nilidhani mtu akipungua anarudi alivyokuwa msichana. Uongo mtupu! Nyama imeondoka, ngozi imebaki pale pale ikisubiri maelezo. Nikiinua mkono kumpungia mtu, mkono unaendelea kupunga wenyewe baada ya mimi kumaliza. Na nguo zangu zote zikawa zinapwaya. Sketi nilikuwa nikiizungusha kiunoni, nikienda dukani zipu iko nyuma, nikirudi iko mbele. Sasa mtu anayevaa hivyo utamwambiaje kuwa haumwi?

Wa kwanza kusema usoni kwangu alikuwa wifi yangu, Dosta, dada yake Spase. Dosta ni fundi cherehani, mwanamke mwembamba tangu kuzaliwa, mwenye midomo iliyozoea kushika pini. Alikuja, akanizunguka kama ninauzwa, akaketi.

"Mama Zlate," akasema, "chekeche nitabeba mimi."

"Nini?"

"Mimi ni shangazi wa bwana harusi, inaruhusiwa. Wewe tutakuwekea kiti kizuri pale mbele, chenye mto. Utapiga makofi."

"Nipige makofi kwenye harusi ya mwanangu? Kwani mimi nimekodiwa?"

"Usipandishe sauti, utachoka."

"Dosta, mimi ni mzima kuliko wewe na huyo kaka yako mkiwekwa pamoja!"

"Mzima," akasema, akinitazama kola ya blauzi, ambamo shingo yangu ilikuwa inacheza. "Tutaona siku yenyewe. Ukija umesimama vizuri, chukua. Ukija hivi, wifi yangu, nakunyang'anya mbele za watu, na utanishukuru."

Alipoondoka nilibamiza mlango kwa hasira. Huyu mwanamke tangu niolewe ameonja kila chungu changu na kuongeza chumvi. Sasa anataka na chekeche! Nikaapa nitaingia harusini na gauni litakalowafunga midomo wote, gauni linalokaa mwilini, ili waone mwili wenyewe uko hai.

Nikaenda mjini. Kwetu maduka ya nguo ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya wasichana, gauni lote linaingia kwenye ngumi. Aina ya pili ni ya mama wa bwana harusi, ambako wameamua sisi sote tuna umbo la pipa na tunapenda kumetameta. Nilianza na hiyo ya pili. Kwa mazoea nikachukua namba yangu ya zamani, nikaingia kwenye chumba cha kujaribia, nikavaa, nikabaki natafuta mikono yangu humo ndani.

"Mama, umeingia na mtu mwingine?" msichana wa duka akauliza nje ya pazia.

"Niko peke yangu. Mwingine ameshuka."

Akaniletea namba ndogo. Mabegani ikakaa, tumboni ikaning'inia. Akaniletea ndogo zaidi, tumboni ikakaa, kwapani ikanibana mpaka nikawa nasimama kama kuku aliyekaushwa. Iliyokuwa na mikono mifupi ilionyesha ile mikono yangu inayojipungia. Iliyokuwa na shingo wazi ilionyesha shingo. Moja ya zambarau ilinikaa vizuri kabisa, nikafurahi, nikageuka kujiona nyuma, nikagundua nimeivaa nyuma mbele. Msichana alisema hata hivyo inanipendeza.

"Hii inakupunguza, mama," akanishauri juu ya nyingine.

"Mwanangu, kunipunguza ndiko kulikoniletea balaa. Huna ya kunionyesha nina afya?"

Hakuwa nayo. Nilimaliza mtaa mzima wa maduka, nikaenda soko la Jumapili, nikajaribu suruali juu ya sketi katikati ya wauza vitunguu. Hamna. Kwenda kwa Dosta anishonee sikuweza, maana angenipima, na akinipima angejua kila ubavu ulipo, na chekeche lingekuwa lake siku hiyohiyo. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na kulia kweli. Mwaka mzima nimejinyima mkate ili nicheze, na sasa sina nguo ya kuchezea.

Ndipo nilipokumbuka begi la chini ya kabati.

Kila mwanamke wa rika langu analo. Ndani mna gauni la kuzikiwa, soksi, viatu, leso na taulo, ili siku ikifika watu wasianze kuhangaika na kupekua droo zako. Langu niliandaa tulipotoka kumzika mama mkwe wangu, mama yake Dosta na Spase. Marehemu alikuwa ameandaa gauni lake enzi za unene wake, halafu ugonjwa ukamkausha, na siku yenyewe ikabidi walikunje gauni mgongoni na kulibana kwa pini. Wanawake walinong'ona kuhusu zile pini mpaka makaburini. Niliona, nikaogopa. Nikamwambia Dosta anishonee langu, lakini alishone jembamba.

"Jembamba vipi, na mwili wote huo?" aliniuliza wakati huo.

"Nikiwa naumwa nitakonda. Kila mtu anakonda. Sitaki kulala mbele za watu na gunia."

"Na ukifa ghafla ukiwa hivyo ulivyo?"

"Mtalipasua mgongoni. Nani atanigeuza?"

Akalishona kwa mkono, kwa kufuata desturi zote zinazotakiwa. Kitambaa kilikuwa sufu laini ya buluu iliyoiva, bora kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa nikitembea, maana nilijiambia hili nitakaa nalo muda mrefu. Mikono mirefu, kola inayopanda shingoni. Sikuwahi kulijaribu. Lisingepita hata kichwani.

Nikafunga mlango wa chumba, nikalivaa.

Mungu wangu! Likashuka mwilini bila kukwama popote. Mabegani limekaa, kifuani limekaa, kiunoni limeingia pale kiuno kilipo, na mimi sikujua kama bado ninacho. Mikono imefunikwa. Shingo imefunikwa. Kwenye kioo alisimama mwanamke mmoja mrefu, mwenye heshima zake, na nilimtazama sana kabla sijakubali kuwa ni mimi. Nilijipigia makofi peke yangu. Kwamba ni la kuzikiwa, nilijiambia, nani ajue? Lilikuwa ndani ya begi. Anayelijua ni Dosta tu, na Dosta akisema, atakuwa anakiri kwamba linanikaa.

Siku ya harusi kulikuwa na baridi, nikavaa koti kanisani na sikulivua. Chini ya gauni nilivaa shimizi ya enzi zangu za unene, nimeikunja mara kadhaa na kuibana kwa pini ya nepi ya Zlate. Spase aliniona nikijipaka rangi ya mdomo, akasema, "Umependeza. Jipya?"

"Lilikuwepo."

"Sijawahi kuliona."

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamwambia, na yeye akaendelea kutafuta tai.

Tulipofika ukumbini, ngoma imeshaanza kupasha moto na chekeche liko mezani na utepe wake, nikavua koti. Niliwaona watu wakigeuka. Menka akasema, "Hee, mkwe, mbona umependeza hivyo!" na nikaona amesema kutoka moyoni, kwa mshangao wa mtu aliyekuja amejiandaa kunihurumia. Nilijisikia msichana, nilijisikia malkia, nilijisikia mjinga na sikujali.

Dosta akaja mbio, akanivuta pembeni.

"Hilo gauni," akasema.

"Lina nini?"

"Unajua lina nini! Umekuja kwenye harusi ya mwanao na nguo ya kuzikiwa?"

"Ongeza sauti, wa jikoni hawajasikia. Ndilo pekee linalonikaa, Dosta."

Nilidhani atacheka, au atanitukana. Alifanya ishara ya msalaba, na uso ukamwisha rangi. "Lete chekeche," akasema. "Nakuomba, Trajanka. Kaa chini."

Hajawahi kuniita kwa jina. Ila mimi nilikuwa nimeshalewa kwa kutazamwa. Nikalinyakua chekeche mezani kabla yake, nikawapungia wapiga zumari kwa mkono wa pili, na mkono ukapunga vizuri tu ndani ya ile sufu. Wakapuliza.

Goti, hongera zake, lilikwenda. Mkono wa kulia nimeinua chekeche, wa kushoto umeshikwa na Menka, nyuma yetu ukumbi mzima. Nikanyaga, nikanyaga, nikarudi nyuma, nikazunguka. Peremende ziliruka na watoto wakazifuata. Zlate alikuwa amemshika bega Ilinka wake, ananitazama huku anacheka kwa mdomo wote kama alipokuwa mdogo, na mimi nikaona hapa ndipo nilipokuwa nakuja mwaka mzima, kila nilipokula kabichi tupu. Nikainua mikono yote miwili juu zaidi ili anione.

Krrr.

Upepo ukaniingia kwapani.

Nguo ya kuzikiwa, kwetu, haifungwi fundo. Fundi anapomaliza mshono anauacha uzi hivihivi, usije ukamfunga marehemu asiweze kuondoka. Nilijua, kila mtu anajua, na nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu kichwa changu chote kilikuwa kiunoni. Hayo ndiyo maarifa yangu. Nimeenda kuthibitisha kuwa niko hai kwa nguo ambayo mvaaji wake hatarajiwi kuinua mkono. Nikapiga hatua, krrr nyingine. Kila nikizunguka uzi ulikuwa unatoka kidogokidogo kwa ubavu wa kushoto, upande wa Menka, na mwisho wa uzi huo kulikuwa na shimizi ya pipa na pini ya nepi. Nikisimama, nimeshindwa, mimi mgonjwa kama walivyosema. Nikiendelea, naachwa uchi mbele ya mkwe na padri. Nikaendelea, maana hata kusimama sikujua nisimameje.

"Mkwe, nipishe, hapa ni pa shangazi," nikasikia sauti nyuma yangu. Dosta akajichomeka kati yangu na Menka, na badala ya kunishika mkono akanikamata ubavuni, ngumi nzima, sufu na shimizi na nyama.

"Usigeuke," akaniambia sikioni. "Umefumuka kutoka kwapani mpaka kiunoni."

"Si ulishona wewe!"

"Nilimshonea maiti! Maiti hachezi!"

"Punguza kunifinya."

"Nikipunguza watu wote watakuona. Cheka, Menka anatuangalia."

Nikacheka. Tukanyaga, tukarudi, tukazunguka, yeye amenibana kama mzigo. Nilihisi ngumi yake inazidi kukaza, nikadhani ni hasira, nikasema ngoja nimalize nayo leoleo.

"Kwa nini ulilitaka chekeche, Dosta? Miaka yote hii bado tu unataka changu?"

Tukamaliza mzunguko kwanza.

"Mama alianguka mbele yangu," akasema. "Anakanda unga, amekonda hivyohivyo kama wewe, anasema mimi mzima, mimi mzima. Akaanguka na unga mikononi. Sikutaka Zlate aone hilo siku ya harusi yake. Na leo unakuja umeshavaa kabisa! Nikajua huyu anajua siku yake."

Nilikosa hatua. Miaka yote nimeishi na mwanamke huyu nikihesabu chumvi anazoongeza, na sikuwahi kumwuliza ile asubuhi ya mama yake ilikuwaje. Nikaona aibu, na aibu ile haikuwa ya gauni.

"Dosta, siumwi."

"Usinidanganye."

"Niliacha mkate. Kwa ajili ya goti. Ili nicheze."

"Apa."

"Naapa kwa Zlate yule pale."

"Mkate tu?"

"Na pai. Na makaroni ya kaka yako. Na zile peremende za mfukoni."

Akatoa sauti ambayo sikujua ni ya kulia au ya kucheka, na nadhani yeye pia hakujua. "Mshenzi wewe!" akasema, machozi yanamshuka, na bado anapiga hatua sawasawa na ngoma. "Mwendawazimu! Tangu Pasaka nakuwashia mishumaa kanisani! Sasa ulishindwa kusema?"

"Niliogopa nitashindwa, mtanicheka."

"Kwani sasa hivi sikucheki?"

Nami nikalia, rangi zote nilizojipaka zikanishuka mpaka kwenye kola. Wapiga zumari walidhani ni furaha ya mama, wakazidisha. Kwa desturi hapo ndipo mama anapompa mwingine chekeche, na nilimgeuzia Dosta, kwa moyo wangu wote, mbele za watu.

"Chukua, wifi. Ni haki yako nawe."

Akaliangalia chekeche, akaangalia ngumi yake ubavuni kwangu. Watu waliokuwa karibu wakaanza kumpigia makofi ili alipokee.

"Siwezi kuachia," akaniambia. "Cheza wewe. Mimi nimekushika."

Nikainua chekeche juu, nikawageuza wote kwa mzunguko mwingine.